Sehemu Niliyoiruka

Simu ilinikuta kwenye cherehani, pini tatu mdomoni, shati la shule halijapata mkono wa pili. Ulikuwa ule msimu wa wazazi kukumbuka sare siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, na mimi hapa Pasua, Moshi mjini, mgongo ulikuwa unaniuma tangu Krismasi, macho yanaona uzi mmoja kama miwili. Namba sikuijua, nikataka kuiacha. Nikatema pini moja moja kiganjani, nikapokea. "Aisia? Ni Mzee Ndesario huku Marangu, wa usharika." Nikamwamkia, akaitika marahaba, akajikohoza kama mtu anayetafuta pa kuweka mguu kwenye utelezi. "Bibi yetu Anasia ametutoka leo asubuhi. Alilala tu, hakuamka. Tunazika Jumamosi." Nikasema asante kwa taarifa, mzee, kana kwamba ameniambia umeme utakatika. Nikakata simu, nikaendelea na ule mkono wa shati. Niliushona ndani nje. Ikabidi nifumue wote.

Kwa miaka kumi na sita nimekuwa nikijiambia nitapanda Marangu. Siyo safari. Mtu anaondoka Moshi baada ya chai, saa nne yuko kwenye migomba anasikia baridi. Lakini nilikuwa na neno la kumwambia Bibi Anasia, neno la nisamehe, na nikaliahirisha kama watu wanavyoahirisha kung'oa jino. Mwaka huu nina sare nyingi. Mwaka huu mtoto anaumwa. Mwaka huu nimechoka tu. Kuchoka nako ni sababu, usifikiri siyo, na mimi nimeitumia mpaka imeisha. Sasa Bibi amelala, hakuamka, na neno bado niko nalo.

Jioni ile jirani yangu Mama Juliana alinikuta nimeinama kwenye ua wa nyumba ya kona nikipekua majani. Mama Juliana ni mtu wa Singida. Mume wake alikuja huku kufanya kazi ya miwa, na yeye anauza dagaa barazani petu. "We fundi, unaiba nini kwenye ua wa watu?" Nikamwambia natafuta isale. "Ndiyo nini?" Nikamwonyesha: majani haya hapa, marefu, yamechongoka. Sisi Wachaga tunalipanda mpakani na makaburini, lakini kama umemkosea mtu kosa kubwa unachuma jani lake, unalifunga fundo, unampelekea kwa mikono miwili. Aliyepelekewa hatakiwi kulikataa. Mama Juliana alilitazama lile jani, akanitazama na mimi. "Sasa huyo si amekufa? Atalipokea na nini?" Nikachuma tu, nikalizungushia kitambaa chenye maji lisinyauke.

Mwaka wenyewe ninaouzungumza nilikuwa na miaka kumi na tisa na cheti cha kidato cha nne ambacho ningependa kipotee. Jinsi nilivyofika kwa Bibi siyo habari ndefu: macho yake yalikuwa yamekwisha, binti yake Mama Rehema anayeishi kihamba cha jirani, shamba la migomba la ukoo, alihitaji mtu wa kulala na mama, na mimi nilihitaji pa kulala. Nyumba ilikuwa ya mbao, ya bluu iliyopauka, na sebule ilikuwa na makochi manne yaliyovishwa vitambaa vyeupe ambavyo Bibi alivinyoosha kwa viganja kila alipopita, ingawa hakuviona. Ukutani kulikuwa na kalenda za kanisa za miaka mitano mmoja juu ya mwingine, kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kutupa picha ya Yesu. Jiko lilikuwa nje, limejaa moshi, na ng'ombe wawili walikuwa upande wa pili wa ubao, hivyo ukikoroga mtori wa ndizi unasikia mtu anapumua mgongoni. Asubuhi tulikunywa chai ya maziwa na kiburu kilichobaki jana, ndizi na maharage vimeshikana kama keki, Bibi anakata kwa uzi. Mpaka leo nikila chapati za hapa mtaani ninaona njaa ya kile kiburu kilichopoa.

Nilikuwa mtu wa kucheka hovyo na kuota mchana. Kupitia mbao za jikoni nilimsikia Mama Rehema akimwambia mama yake, "Huyu mtoto nilimtoa wapi nikamleta? Leo maziwa yamefurika anayaangalia. Namuuliza unawaza nini, ananiambia Kongo." Bibi akacheka. "Muache aende Kongo. Atarudi kufua." Kweli nilikuwa nawaza Kongo. Chini ya kitanda cha Bibi kulikuwa na sanduku la vijitabu vya Umoja wa Wanawake, maisha ya wamisionari, kila kijitabu mtu mmoja, karatasi zimekuwa za njano na zinanuka kahawa kwa sababu sanduku zamani lilikuwa la kahawa. Saa tisa mchana, ng'ombe wakishapata majani, kazi yangu ilikuwa kumsomea. Mmoja alivuka ziwa kwa mtumbwi akiwa na homa. Mmoja alizika watoto watatu chini ya mti mmoja na asubuhi yake akapiga kengele ya shule. Mmoja, mwanamke, alitembea milimani na mwavuli mpaka viatu vikaachana na soli. Nilikuwa nasoma huku sauti inanitetemeka. Nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita nilichora dunia, nikaweka alama ya msalaba kila mahali nitakapokwenda. Bahari niliipaka rangi kwa kalamu ya bluu mpaka ikaisha wino, na Bahari ya Hindi ikabaki nusu.

Bibi alikuwa msikilizaji wa ajabu. Alikaa kwenye kigoda, miguu imenyooshwa kuelekea jiko, uso juu kama anayesikiliza mvua. Nikifika pale ambapo moyo wangu unataka kupasuka, ananisimamisha. "Ngoja. Huyo mama aliyepanda mlima na mwavuli. Sanduku lake alibeba nani?" Kijitabu hakisemi, Bibi. "Hakisemi." Anatikisa kichwa. "Mkwe wangu anabeba mizigo ya wazungu kwenda kileleni tangu hajaoa. Haya mambo ya sanduku nayajua. Endelea." Naendelea. "Ngoja. Huyo mwenye homa, uji alimpikia nani?" Mwanzoni nilikasirika. Nilimwambia, Bibi, hawa ni watumishi wa Mungu, wewe unauliza uji! Akaniambia pole pole, "Siwadharau, mwanangu. Nilimfulia mmoja. Ninataka kujua walikuwa na nani, kwa sababu hakuna mtu anayefika popote peke yake. Na kama huwajui waliokuwa naye, na yeye humjui."

Huyo mmoja aliyemfulia alikuwa Sista Inga, muuguzi wa zahanati ya misheni, ambaye jina lake bado liko kwenye jiwe dogo mlangoni pa kanisa. Bibi alikuwa bi harusi mpya wakati huo, na alikwenda kwa Sista siku tatu kwa wiki kufua. Alinipa habari zake kidogo kidogo, jinsi unavyompa kuku mahindi. Sista alioka mkate kwenye debe na ukaungua chini kila mara, na kila mara alishangaa. Sista alikuwa mkali, alimpigia kelele mama aliyemfunika mtoto mwenye homa na mablanketi manne, kisha usiku huo huo akaenda kwa mguu kumwangalia mtoto. Sista alilia barua zikichelewa. "Alikuwa anajifungia chumba cha dawa," Bibi alisema, "anafungulia bomba la maji ili nisisikie. Nilikuwa nasikia. Nilikuwa napiga nguo kwa nguvu kwenye jiwe ili ajue sisikii." Mimi nilikaa na kijitabu mapajani, kimefungwa. Hakuna kijitabu kilichoniambia mmisionari analia na bomba.

Siku moja ya masika, tunamenya ndizi za mtori, ndipo aliponipa ya isale. Baba mkwe wake na kaka wa huyo mzee walikuwa na mpaka wa isale katikati ya vihamba vyao, mstari mrefu mpaka kwenye mfereji. Kila mwaka kabla ya masika walitembea pamoja kwenye ule mstari, wanashika kila isale na kutaja jina la aliyelipanda. Hili la baba. Hili la babu. Hili la yule mjomba aliyekufa na ndui. Ndivyo mpaka ulivyotunzwa, kwa kuwa karatasi hazikuwepo. Sista, ambaye hakuwa amemaliza hata mwaka mmoja nchini, alikuwa anapita na dawa, akawaona wazee wawili wamesimama wameshika majani na kuita majina ya wafu. "Aliona wanasali kwa mizimu," Bibi alisema. "Na mmoja wao ni mzee wa kanisa! Alirudi amekuwa mwekundu kama udongo. Hakuuliza mtu." Jumatatu wazee walipokuwa wamepeleka kahawa chama cha ushirika, Sista alikuja na vijana watatu wa darasa la ubatizo na mapanga, akafyeka mstari wote, juu mpaka chini, huku akiimba.

"Na wewe, Bibi?" Mimi? Nilikuwa mlangoni pa jiko, Bibi alisema. Bi harusi wa miezi minne. Nani ananisikiliza? Wazee waliporudi hawakuujua mpaka, visiki vimefukiwa na majani na udongo. Mmoja alisema ulikuwa hapa, mwingine akasema pale, na kwa mara ya kwanza maishani ndugu wale walishikiana mapanga. Waligawana njia ya kwenda mfereji. Waligawana hata viti kanisani. Na wanawake wakaacha kupeleka watoto zahanati, siyo kwa mkutano wala tangazo, waliacha tu. Masika nzima Sista alikaa kwenye benchi la zahanati na mizani yake, anaangalia mvua. "Nilikwenda kufua nikamkuta amekaa hivyo. Akaniuliza, Anasia, nimefanya nini? Ndiyo mara ya kwanza aliniuliza kitu. Nikamwambia, Sista, umekata majina ya watu. Akauliza, sasa nifanye nini? Nikamwambia, chukua isale." Bibi aliacha kumenya. "Visiki vilikuwa vimeanza kuchipua. Nilichuma jani moja, dogo, laini. Nililifunga fundo mimi mwenyewe kwa mikono hii, yeye hakujua fundo. Nikamfundisha kupiga magoti bila kukanyaga gauni."

Sista alipanda na mvua mpaka uani kwa baba mkwe, akapiga magoti kwenye matope, jani mikononi. Mzee alikuwa barazani anamenya ndizi za kukaanga, kazi asiyoifanya siku nyingine. Hakumwangalia. Alimaliza ndizi ya kwanza. Akachukua ya pili. "Alimenya saba," Bibi alisema. "Mimi nilikuwa nahesabu nyuma ya mlango. Kulikataa hawezi. Lakini hakuna mila iliyosema alipokee haraka." Ya saba ilipoisha alifuta kisu, akasimama, akalichukua. Kesho yake Sista alikwenda kwa yule kaka wa mzee, akapiga magoti tena. Kisha wale ndugu wawili, kwa sababu wote walikuwa wamepokea jani la mtu yule yule, wakakosa sababu ya kununiana. Wakatembea kisiki kwa kisiki wakikumbushana majina, na Sista nyuma yao na daftari anaandika. Alipanda vipandikizi mwenyewe palipokufa. Yale masale ndiyo haya ambayo mimi nilikuwa ninaanikia kanga zangu kila Jumamosi bila kujua chochote. "Nimesikia vijitabu vyako vyote," Bibi alisema. "Kuvuka ziwa ni jambo kubwa. Lakini mimi nilimwamini Mungu wa Sista siku ile, siyo siku nyingine."

Mwezi wa saba ukaja ujumbe kwamba ndugu wa Sista kutoka ng'ambo watatembelea usharika, na ibada ya siku hiyo itakuwa ya kuwakumbuka wamisionari waliotumika kwetu. Anatafutwa kijana wa kusoma maisha ya Sista. Mzee Ndesario, katibu, alinichagua kwa sababu nilikuwa na sauti na nilikaa na mtu aliyemjua. Niliandika kurasa sita, wiki mbili, kwenye kochi lenye kitambaa cheupe. Na hapa niseme wazi nilichokuwa nakitaka. Nilitaka kwenda chuo cha Biblia. Chuo kilitaka barua ya usharika, barua ziliandikwa na Mzee Ndesario, na kwa mtu mwenye cheti kama changu barua ndiyo ilikuwa mlango pekee. Yeye hakunitisha, sitamsingizia. Alikuja nyumbani na biskuti, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, akasoma kurasa zangu pole pole kwa kidole. Akafika kwenye isale akavua miwani. "Binti, umeandika vizuri sana. Lakini hawa ni wageni. Wametoka mbali kumheshimu ndugu yao. Sasa tuwaambie alikata miti ya watu akapiga magoti kwenye tope?" Nikasema, lakini mzee, ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Akasema, "Nzuri kwetu. Kwao ni aibu. Ruka hapo. Halafu wiki ijayo tukae tuzungumze habari ya chuo chako." Nilicheka, nikasema sawa mzee. Ile ndiyo ilikuwa tabia yangu, nikiogopa ninacheka.

Bibi sikumwambia. Nilimfunga kilemba chake cha kanisa, nikamshika mkono mpaka benchi la mbele, pembeni ya Mama Rehema. Kanisa lilikuwa limejaa mpaka madirishani, nje mikungu ya ndizi na kuku wa sadaka wakisubiri mnada. Nilisimama kwenye kipaza sauti na gauni la kuazima. Nilisoma habari ya mkate wa debe, watu wakacheka. Nilisoma mtoto wa mablanketi manne, mama mmoja wa wageni akafuta macho. Nikafika mwisho wa ukurasa wa nne, nikachukua ule wa sita. Karatasi ikakwaruza kipaza sauti. Ndipo nikasikia sauti ya Bibi, siyo kali, ni ile ile ya saa tisa mchana jikoni. "Ngoja. Na isale, mwanangu? Umeruka."

Watu waligeuka. Mzee Ndesario aliinuka nusu kwenye kiti chake. Mkalimani alimuuliza jirani yake kasema nini. Mimi ningeweza kufanya mambo mengi. Ningeweza kusoma. Ningeweza hata kunyamaza. Lakini nilikuwa na miaka kumi na tisa na mlango mmoja, na kipaza sauti kilikuwa mdomoni, nikacheka kicheko changu. Nikasema, "Msimjali Bibi yetu jamani, anachanganya. Ni uzee." Kanisa likacheka, kicheko cha upendo, ndiyo ubaya wake. Mkalimani akawatafsiria, na wageni nao wakamtabasamia. Bibi alikuwa amesimama. Alitafuta benchi kwa mkono nyuma yake, hakulipata mara ya kwanza, Mama Rehema akamshika akamkalisha. Halafu Mama Rehema akaniangalia. Nilisoma ukurasa wa sita mpaka mwisho na makofi yakapigwa.

Mchana ule tulirudi nyumbani, nikawalisha ng'ombe, nikavuta sanduku chini ya kitanda kama kawaida. "Leo usisome," Bibi alisema. "Umesoma vya kutosha." Hilo tu. Hakunichukia, na ningeona nafuu angenichukia. Aliendelea kuniwekea mtindi wa juu, ule mzito. Aliendelea kunisikiliza nikisoma, kesho yake na kesho kutwa. Lakini mpaka ninaondoka mwisho wa mwaka hakuniuliza tena hata mara moja sanduku alibeba nani, wala uji alipika nani. Nilisoma kurasa baada ya kurasa bila kusimamishwa. Nilikuwa sijui kimya kinaweza kuchosha hivyo.

Barua niliipata. Chuo nilikwenda. Kisha nikapelekwa kuwa mwinjilisti msaidizi kwenye kambi za mashamba ya miwa huko tambarare, kati ya familia zilizotoka Singida, Kigoma, kila mahali. Ng'ambo yangu ikawa mfereji wa kumwagilia miwa. Niliwahubiria habari za waliovuka maziwa, na wao walikuwa wamekata miwa tangu alfajiri, masizi mpaka kwenye kope, wanasinzia kwa heshima. Mama mmoja siku moja aliniuliza, "Mwinjilisti, hao watu wako hawakukosea hata kidogo?" Nikamwambia nitamjibu wiki ijayo. Wiki ijayo nilimzungumzia kitu kingine. Sikuacha kazi ile kwa kukosa imani. Nilichoka, kama mtu anavyochoka kubeba ndoo inayovuja. Cherehani nilijifunza kule kule kambini, na nilipohamia Pasua nikaja nayo kichwani.

Ijumaa nilipanda Marangu na jani langu ndani ya kitambaa. Nyumba ya bluu imepakwa kijani siku hizi. Chini ya turubai wanaume walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, na Mzee Ndesario, amekuwa mdogo ndani ya koti lake, alinishika mkono kwa muda mrefu. "Kesho utatusomea historia ya marehemu. Nimekwishaichapa. Ukurasa mmoja tu, watu wamechoka." Niliisoma nimesimama. Alizaliwa, alibatizwa, aliolewa, aliugua macho, alimpenda Bwana. Nikaikunja nikaenda uani walikokuwa wanawake, kwenye lundo la ndizi na masufuria.

Mama Rehema alikuwa amekaa kwenye kigoda cha mama yake. Nywele zimekuwa nyeupe. Nilimwamkia shikamoo mama, akaitika bila kuinua macho. Nikafungua kitambaa, nikapiga magoti pale kwenye maganda, jani kwenye viganja viwili. Wanawake waliweka visu chini mmoja mmoja. Nikasema, "Siku ile kanisani Bibi hakuwa anachanganya. Mimi ndiye niliyesema uongo." Mama Rehema alimaliza ndizi aliyoishika, akaitumbukiza kwenye maji. Akachukua nyingine. Sikuhesabu kwa makusudi, lakini nilihesabu. Magoti yalianza kuuma kwenye ya tatu. Kwenye ya tano mtu mmoja nyuma alisema, mama, mtoto atazimia, na Mama Rehema akamjibu, "Hajazimia bado." Baada ya ya saba alifuta kisu kwenye kanga, akainama, akachukua jani. Akalipapasa fundo. "Umelifunga vibaya," alisema. "Mama angecheka." Akalisukumia kifuani ndani ya gauni, akajisogeza kwenye kigoda, ingawa kigoda cha mtu mmoja hakikai wawili. "Aliniambia mwenyewe, siku moja utakuja. Mimi nilimwambia huji. Chukua kisu. Hizi ndizi hazijimenyi." Nikachukua. Tulimenya bega kwa bega kama saa nzima ndipo akasema tena. "Kesho unasoma wewe?" Ndiyo, mama. "Usiruke."

Niliandika pembeni mwa ile karatasi iliyochapwa, nikiwa nimekaa jikoni, ng'ombe ananipumulia mgongoni. Nafasi ilikuwa ndogo, nikaandika kuzunguka ukurasa mpaka nyuma. Utomvu wa ndizi haukubali maji wala sabuni, vidole vyangu vilikuwa vyeusi, na kila nilipoishika karatasi niliacha alama. Jumamosi nilisimama mbele ya watu wale wale, wengi wamezeeka, wengine hawapo, jeneza kati yetu na masale ya mpaka nyuma ya turubai. Mzee Ndesario alikuwa kiti cha mbele, kofia gotini, na nilipoanza kugeuza karatasi pembeni aliinama akaitazama kofia yake. Hakuinuka. Nilisoma alizaliwa, alibatizwa, aliolewa. Kisha nikasoma: akiwa bi harusi wa miezi minne alimfundisha mmisionari kuomba msamaha, na fundo la jani alilifunga yeye. Nikainua macho kutoka kwenye karatasi. Hakuna aliyecheka. Kutoka kwa wanawake nikamsikia Mama Rehema, sauti ile ile ya mama yake, "Endelea." Nikaendelea.